Vichwa sita ndani ya sanduku moja: tathmini ya seti ya kufundishia ubongo wa arithropoda, yaani wadudu, buibui, tandu, kaa na jamaa zao

Seti hii inapatikana katika duka moja la vifaa vya shule lililoko Ngamiani, jijini Tanga, kwa shilingi 180,000. Nimeitumia kwa muhula mzima na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma biolojia, na maoni yangu ni kwamba inafaa kununuliwa, ilimradi mnunuzi awe tayari kubadilisha rangi za vichwa viwili kabla ya kuviingiza darasani. Ndani ya sanduku mna vichwa sita vya plastiki ngumu, kila kimoja kikiwa na urefu unaokaribia shibiri: mnyoo-mahameli (mnyama mwenye mwili laini, binamu wa arithropoda), buibui, tandu, kamba wa baharini, panzi, na tirilobaiti, yule mnyama wa bahari za kale ambaye leo anajulikana kwa visukuku tu. Kila kichwa kimepasuliwa katikati kwa urefu, na nusu zake mbili hushikanishwa kwa sumaku. Ukizitenganisha, isipokuwa za tirilobaiti, unaona umio, ubongo uliokaa juu ya umio, na mishipa mikuu ya fahamu inayoelekea kiwiliwilini. Vipapasio, taya na viungo vingine vya mdomoni vimechomekwa kwenye matundu, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuving'oa na kuvirudisha mwenyewe, jambo ambalo picha ya ukutani haiwezi kumpa.

Uzito wote wa seti umo katika rangi zake. Kichwa cha arithropoda kinaonekana kwa nje kuwa kitu kimoja kigumu, lakini ukweli ni kwamba kimetokana na pingili kadhaa zilizoungana, na ubongo wa mnyama mzima bado unabeba alama za muungano huo. Wataalamu huugawa ubongo wa wadudu na wa jamii ya kaa katika sehemu tatu: protoserebramu, iliyo mbele kabisa na inayopokea habari za macho, deutoserebramu, inayofuata, na tritoserebramu, ya mwisho, iliyo karibu zaidi na umio. Watengenezaji wameipaka sehemu ya kwanza rangi nyekundu, ya pili buluu na ya tatu manjano, kisha kila kiungo cha nje kikapakwa rangi ya sehemu ya ubongo inayokihudumia. Hapo ndipo mwalimu anapopata silaha yake. Ukimwambia mwanafunzi ang'oe kiungo cha buluu katika kila kichwa na kuvipanga mezani, anajikuta na kipapasio cha panzi, kipapasio cha tandu na kipapasio cha kwanza cha kamba vikiwa safu moja, na bila mhadhara wowote anaanza kuuliza ni nini basi kilicho buluu kwa buibui, ambaye hana kipapasio hata kimoja.

Kichwa cha kamba ndicho bora kuliko vyote, na nasema hivyo baada ya kukilinganisha na kamba halisi. Ukifika mwalo wa Deep Sea asubuhi, wakati wavuvi wanaposhusha samaki, unaweza kuchagua kamba mkubwa ambaye kichwa chake hakijapondwa, ukamlaza katika spiriti usiku mmoja ili nyama ya ndani ikaze, kisha ukakata gamba la mgongoni kwa wembe ukianzia nyuma ya ule mwiba wenye meno kama ya msumeno. Wanafunzi wanapohesabu sharubu zake, karibu wote hupata sita na kudhani kwamba kuna jozi tatu za vipapasio. Zipo jozi mbili tu: kipapasio cha kwanza hugawanyika nchani kuwa nyuzi mbili fupi, na cha pili kina uzi mmoja mrefu sana, ule unaokatika wauzaji wanapomtupa mnyama kwenye ndoo. Seti imeuonyesha mgawanyiko huo barabara, uzi kwa uzi. Ndani ya gamba, katikati ya mashina ya macho, utakuta kijibonge cheupe kidogo mno kwa mnyama wa ukubwa ule, na kutoka hapo nyuzi mbili nyeupe zinarudi nyuma, moja kushoto na nyingine kulia, zikipita kandokando ya umio hadi kwenye fundo la fahamu lililo chini yake. Kielelezo kinaonyesha nyuzi hizo pamoja na daraja jembamba la manjano linalounganisha pande mbili za tritoserebramu kwa kupita chini ya umio badala ya juu yake. Daraja hilo dogo lina maana kubwa, kwa sababu linaashiria kwamba sehemu ya tatu ilikuwa fundo la kawaida la kiwiliwili, lililokaa chini ya njia ya chakula kama mafundo mengine, kabla ya kupanda na kujiunga na ubongo. Sikutegemea kulikuta katika kifaa cha bei hii.

Panzi na tandu havihitaji maneno mengi. Kwa wote wawili kipapasio ni cha buluu, na pingili ya manjano haina kiungo chochote cha nje, kama inavyopaswa kuwa. Kucha za sumu za tandu, ambazo wanafunzi wengi huziita meno, zimeachwa bila rangi, nao ni uamuzi sahihi, kwani kucha hizo ni jozi ya kwanza ya miguu ya kiwiliwili iliyogeuzwa kuwa silaha, wala si sehemu ya kichwa.

Tatizo la kwanza liko kwenye mnyoo-mahameli, na kwa kuwa wengi watainunua seti hii kwa ajili yake, nitalieleza kwa kirefu. Mnyama huyu ni wa faila ya Onikofora, yenye takriban spishi 200 zilizokwisha kuelezwa kisayansi. Ana mwili laini wenye ngozi inayoonekana kama mahameli, miguu mifupi minene isiyo na viungio, na kwa kuwa vitundu vyake vya kupumulia havifungiki, hupoteza maji upesi na hulazimika kuishi mahali penye unyevu, chini ya magogo yaliyooza na majani yaliyoanguka, akitoka usiku kuwinda. Mwaka 1826 kasisi Lansdown Guilding, aliyemweleza kwa mara ya kwanza kutoka kisiwa cha St Vincent katika Karibi, alimweka katika kundi la konokono. Mwanafunzi wangu mmoja anayetoka Muheza aliniuliza kama tunaweza kumpata katika msitu wa Amani, swali ambalo lina mantiki yake, kwa sababu unyevu na magogo viko tele kule. Hata hivyo, wale wa bara letu wanaofahamika ni wa kusini mwa Afrika na wa misitu ya Gabon na Kongo, kwa hiyo kwetu sisi wa Tanga plastiki hii ndiyo njia ya karibu ya kumshika mkononi.

Kwa nje kielelezo kimetengenezwa kwa uangalifu. Kichwa kina jozi tatu za viungo: vipapasio viwili vyenye pete nyingi ndogondogo, taya zilizofichwa ndani ya kinywa, na nundu mbili za pembeni ambazo mnyama hutumia kurusha ute unaonata ili kumnasa mdudu anayemwinda. Jicho dogo sahili limewekwa kwenye shina la kipapasio, mahali pake hasa. Uking'oa taya na kuiweka kando ya mguu uliotolewa kama nyongeza, utaona kwamba taya ina vile viwili vilivyopinda, na mguu una kucha mbili za mpindo uleule. Ufanano huo si wa bahati, maana taya hiyo ni mguu uliogeuzwa kazi, na hukata kwa kwenda mbele na nyuma badala ya kukutana kutoka pande mbili kama taya za panzi. Rangi za viungo nazo ni sahihi: kipapasio ni chekundu na taya ni ya buluu. Kwa maneno mengine, kipapasio cha mnyoo-mahameli na kipapasio cha panzi si kiungo kimoja kilichorithiwa na wote wawili, ingawa vinafanana na vinafanya kazi zinazokaribiana. Ndugu wa kweli wa kipapasio cha panzi, tukifuata mpangilio wa pingili, ni ile taya iliyofichwa kinywani mwa mnyoo-mahameli. Nimewaona wanafunzi wenye akili nyingi wakibishana kwa kipindi kizima juu ya jambo hili, huku wakichomoa na kuchomeka, na sijui kifaa kingine kinachoweza kuwafikisha hapo kwa haraka hivyo.

Kisha unafungua kichwa, na ndani unakuta ubongo wenye rangi tatu. Hilo ni kosa. Mwaka 2010 Georg Mayer na wenzake walichapisha utafiti ambamo walitia rangi katika mishipa ya fahamu ya viungo vya kichwa na kuifuata hadi kwenye chembe za fahamu zinakotokea, na wakaonyesha kwamba ubongo wa mnyama huyu una sehemu mbili tu, ile inayohudumia vipapasio na ile inayohudumia taya. Nundu za ute, ambazo ni kiungo cha pingili ya tatu, hupata fahamu zake kutoka kwenye mishipa mikuu ya tumboni, nyuma ya ubongo. Pingili ya tatu ipo, na kiungo chake kipo. Kinachokosekana ni tritoserebramu iliyounganishwa na ubongo. Kutokana na hilo wakahitimisha kwamba sehemu ya tatu iliingia ubongoni baadaye, katika ukoo wa arithropoda, baada ya njia zao na za minyoo-mahameli kutengana. Aliyeipaka rangi seti hii amelifuta tukio lenyewe ambalo seti ilitakiwa kulionyesha, na mwalimu asiyejua habari hizi atawafundisha vijana kwamba kichwa cha mnyoo-mahameli ni kile kile cha panzi isipokuwa kwa ulaini wake.

Marekebisho si magumu. Kwangua manjano yaliyo ndani ya ubongo kwa kisu kikali, malizia kwa msasa mwembamba, kisha paka manjano mapya kwenye mshipa wa tumboni, usawa wa nundu ya ute. Rangi ya kucha inayouzwa soko la Mgandini inashika vizuri kwenye plastiki hii na inakauka kabla hujamaliza chai. Rangi ya mafuta ya dukani inachukua siku nzima na inaacha michirizi. Wakati kisu kiko mkononi, ongeza pia nyuzi nyembamba zinazounganisha mishipa miwili ya tumboni, kwa sababu mishipa ya mnyama huyu imetengana sana na haina mafundo ya fahamu kwa kila pingili kama ya arithropoda, bali imefungwa pamoja kwa nyuzi nyingi za kukatisha. Kielelezo kimeweka mafundo mawili mahali hapo, bila shaka kwa kunakili panzi.

Kwa buibui kosa ni la aina nyingine, nalo lina historia. Hapa ubongo una nyekundu na manjano tu, buluu haipo kabisa, na kelisera, zile taya zenye meno ya sumu, zimepakwa manjano. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya miaka mingi ya karne ya 20: kwamba buibui, nge na jamaa zao walipoteza deutoserebramu pamoja na vipapasio vilivyokuwa vikihudumiwa nayo. Mwaka 1998 tafiti mbili, moja ya buibui na nyingine ya utitiri, zilichunguza mahali ambapo jeni za Hox, zile zinazopanga sehemu za mwili kutoka mbele hadi nyuma, huanza kufanya kazi katika kiinitete, zikakuta kwamba mpangilio wa jeni hizo unaiweka pingili ya kelisera sawasawa na pingili ya kipapasio cha kwanza. Jeni iitwayo labial, ambayo kwa wadudu huanza kwenye pingili ya tritoserebramu, kwa buibui huanza kwenye pingili ya pedipalpi, jozi ya viungo iliyo nyuma ya kelisera. Hakuna pingili iliyopotea. Kwa hiyo kelisera zipakwe buluu, pedipalpi zipakwe manjano, na kipande cha buluu kiongezwe kwenye ubongo. Ukishafanya hivyo, swali la yule mwanafunzi aliyetafuta kiungo cha buluu kwa buibui linapata jibu, na unaweza kuendelea hadi kwa nge, mnyama ambaye hakuna nyumba ya Tanga isiyomfahamu: yale magando yake makubwa ni pedipalpi, hivyo yangekuwa ya manjano, na kelisera zake ni zile koleo ndogo zilizo mbele ya kinywa ambazo watu wengi hawajawahi kuzitazama, pengine kwa sababu macho yote yanakuwa kwenye mkia.

Lazima pia niwasifu watengenezaji kwa mahali walipojizuia. Labramu, yaani mdomo wa juu, imeachwa nyeupe kila ilipo. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba labramu ya arithropoda ni mabaki ya jozi ya viungo vya pingili ya kwanza vilivyosinyaa na kuungana, yaani ndugu wa vipapasio vyekundu vya mnyoo-mahameli, na wapo wanaolipinga hilo. Mjadala huu haujafungwa, na kuuacha mdomo ule bila rangi ni haki kabisa. Vivyo hivyo kichwa cha tirilobaiti hakina kitu ndani. Wanafunzi walidhani kimeharibika, kumbe ni uungwana wa mtengenezaji, kwa kuwa gamba la tirilobaiti ndilo lililogeuka jiwe kwa urahisi, na ubongo ukaoza.

Hata hivyo, badala ya tirilobaiti ningependelea kisukuku kingine, kwa kuwa wapo wanyama wa kale ambao alama zinazodhaniwa kuwa za ubongo wao zimebaki maweni. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba Fuxianhuia, kutoka Yunnan nchini China, mwenye umri wa takriban miaka milioni 520, ana alama za ubongo wenye sehemu tatu, ingawa baadaye walitokea waliodai kwamba madoa yale huenda ni utando wa bakteria uliokua ndani ya mzoga. Mwaka 2022 wakaelezwa Stanleycaris kutoka machimbo ya visukuku ya Burgess Shale nchini Kanada, wenye umri wa takriban miaka milioni 506 na macho matatu kichwani, na ubongo wao ukasomwa kuwa wa sehemu mbili, nyekundu na buluu kwa rangi za seti yetu. Kichwa cha namna hiyo kingekaa vizuri sana katikati ya mnyoo-mahameli na kamba. Hata Hallucigenia angefaa, mnyama wa machimbo hayohayo ambaye mwaka 1977 alichorwa akitembea juu ya miiba yake, akageuzwa upande ulio sahihi mwaka 1991, na ambaye kichwa chake hakikutambuliwa kwa uhakika hadi mwaka 2015. Darasa linaloona jinsi wataalamu walivyohangaika kutafuta kichwa kilipo linaelewa kwa nini kukigawa katika pingili ni kazi ngumu zaidi.

Kijitabu kilichomo sandukuni sikishauri. Kimeandikwa kwa lugha mbili, na sehemu ya Kiswahili haisomeki. Kibaya zaidi, kinamwita mnyoo-mahameli babu wa wadudu na daraja kati yao na nyungunyungu. Mnyoo-mahameli wa leo ni binamu wa arithropoda, si babu yao, na amekuwa na mageuko yake mwenyewe kwa muda uleule. Nyungunyungu naye aliondolewa katika ujirani huo: tangu mwaka 1997, kwa ushahidi wa molekuli, arithropoda, minyoo-mahameli na wanyama wengine wanaojivua gamba wamewekwa katika kundi moja, mbali na minyoo yenye pingili. Nilikichana kijitabu, nikabakiza ukurasa wenye orodha ya vipande.

Kuhusu uimara, plastiki yenyewe ni nzuri na haijapasuka ingawa panzi ameanguka sakafuni zaidi ya mara moja. Sumaku ndizo dhaifu. Hewa ya chumvi ya mji huu imeanza kuzila kwenye vichwa vinavyokaa karibu na dirisha, na kutu inaacha doa kwenye plastiki nyeupe. Kupaka vanishi mara tu unaponunua kunasaidia. Vipapasio vya kamba ni vyembamba na hukatika kwenye shina, na orodha ya vipuri haipo. Sanduku ni la katoni, hivyo afadhali kutafuta kontena la plastiki lenye mfuniko.

Kwa shule yenye wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na kwa chuo cha ualimu kinachofundisha biolojia, bei hii si kubwa ukizingatia kwamba kifaa kinadumu na hakihitaji umeme. Kwa kidato cha pili ni gharama isiyo na sababu, kwani kamba wawili, panzi na jongoo wa bustanini wanatosha kabisa. Nilipomweleza muuzaji habari za rangi alinisikiliza kwa adabu, akasema, “Mwalimu, mimi naleta kama vinavyokuja,” kisha akanipunguzia shilingi 15,000. Amesema mzigo ujao unatoka kiwanda kilekile. Basi anayekwenda kununua aombe kufungua kichwa cha mnyoo-mahameli palepale kaunta, na akikuta manjano ndani ya ubongo, aanze kujadiliana bei kabla hajatoa pesa mfukoni.